Kiungio cha Kebo ya Betri katika Gari la Umeme

Gari dogo la mizigo linaloendeshwa kwa umeme linapanda mlima likiwa na shehena. Katikati ya mlima nguvu zake zinapungua, taa ya onyo inawaka, na gari linasimama. Fundi anaitwa. Anafungua kifuniko, anatoa mita yake na kupima betri zote sita, moja baada ya nyingine. Kila moja ina volti zake 12 na ushei. Anapima jumla, kutoka ncha ya kwanza hadi ya mwisho, na mita inaonyesha volti zaidi ya 72. Kwa kuwa hakuna kasoro iliyoonekana, lawama inaangukia betri iliyo kongwe kuliko nyingine. Inabadilishwa kwa gharama kubwa, na kesho yake gari linasimama mlimani pale pale. Mwenye gari aweza kununua betri ya pili na ya tatu kabla mtu hajatazama kwa makini mwisho wa kebo moja na kugundua kwamba ganda lake la plastiki limeanza kuyeyuka.

Kosa la fundi huyo ni kosa la fizikia wala si la uzembe. Alipima gari likiwa limesimama. Kanuni aliyoitoa Mjerumani Georg Simon Ohm mwaka 1827 yaeleza kwamba volteji inayopotea katika ukinzani wowote ni sawa na mkondo unaopita ukizidishwa kwa ukinzani huo. Gari likiwa limezimwa mkondo ni sifuri, na kitu chochote kikizidishwa kwa sifuri huwa sifuri. Mita yenyewe haihitaji ila mkondo hafifu sana, kiasi cha ampea moja iliyogawanywa mara milioni. Basi kiungio kibovu kuliko vyote hakitajulikana kwa mita maadamu hakuna mkondo wa maana unaopita ndani yake. Hujitokeza pale tu gari linapofanya kazi ngumu, yaani wakati ule ambao fundi hana mita mkononi.

Gari la umeme si jambo jipya kama wengi wanavyodhani. Gari la kwanza kuvuka mwendo wa kilomita 100 kwa saa barabarani lilikuwa la umeme, nalo liliendeshwa na Mbelgiji Camille Jenatzy mwaka 1899. Lakini kwa Afrika Mashariki, magari haya yamekuwa sehemu ya maisha ya kila siku katika miaka ya karibuni tu: pikipiki za umeme zilianza kazi ya teksi mjini Kigali mwaka 2019, na mjini Nairobi yako mabasi ya abiria ya umeme, pamoja na warsha ambazo zimekwisha kung'oa injini za dizeli katika magari ya watalii na kuweka mota mahali pake. Kazi hizi zinahitaji mafundi, na mafundi hao wanatoka katika shule za sekondari na vyuo vya ufundi vilivyopo sasa. Kwa sababu hiyo kipande kidogo cha shaba kilichoko mwishoni mwa kebo, ambacho mafundi hukiita lagi, kinastahili kufikiriwa kwa uzito.

Umeme wa nyumbani na umeme wa gari

Pasi ya nyumbani ya wati 1,150 inayotumia umeme wa volti 230 huvuta mkondo wa ampea 5. Gari lililotajwa hapo juu, likipanda mlima, lahitaji wati 14,400. Na kwa kuwa betri zake ni za volti 72 tu, mkondo wake ni ampea 200. Hiyo ni mara 40 ya mkondo wa pasi. Mtu angefikiri kwamba matatizo ya viungio nayo yatakuwa mara 40. Sivyo. Mwingereza James Prescott Joule alionyesha mwaka 1841 kwamba joto linalozalishwa katika waya hufuata mraba wa mkondo. Mkondo ukiongezeka mara 40, joto huongezeka mara 1,600.

Na ichukuliwe kwamba kiungio fulani kina ukinzani wa omu 0.005, jambo la kawaida kwa nyaya zilizosokotwa kwa vidole au kubanwa kwa koleo. Kikiwa kwenye waya wa pasi, joto lake ni 5 mara 5 mara 0.005, yaani wati 0.125, halisikiki hata kwa kugusa, na kiungio hicho chaweza kudumu miaka mingi bila mtu kukishuku. Kiungio hicho hicho kikiwekwa katika gari hili, joto lake litakuwa 200 mara 200 mara 0.005, yaani wati 200. Chuma cha kulehemia redio kwa kawaida ni cha wati 40 hadi 60. Hivyo, ndani ya kipande cha shaba kisichozidi kidole gumba, pamewekwa vyuma vya kulehemia vitatu au zaidi vinavyowaka kwa pamoja. Ndiyo sababu mazoea ya fundi wa nyumba, hata yule aliye hodari, hayatoshi katika kazi hii.

Hapo ubaya unaanza tu. Shaba ikipata joto ukinzani wake huongezeka: kwa kila nyuzijoto 100 zinazoongezeka juu ya joto la kawaida, ukinzani hupanda kwa asilimia 39 hivi. Ukinzani ukipanda, joto nalo hupanda. Joto linapopanda, hewa hushika uso wa shaba kwa kasi zaidi na kuufunika kwa utando wa oksidi usiopitisha umeme vizuri. Na kile kilichobana kiungio hulegea kwa kutanuka na kusinyaa kila gari linapotumika na kupumzika. Kiungio kibovu, kwa hiyo, hakibaki kilivyo. Kila safari hukifanya kibaya kuliko jana yake, mpaka siku ganda litakaposhika moto. Katika betri za risasi kuna hatari nyingine juu ya hiyo. Zinapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, na haidrojeni ikifikia asilimia 4 ya hewa, cheche moja kutoka kiungio kilicholegea yatosha kuilipua.

Viungio vyenyewe ni vingi kuliko vinavyoonekana. Betri sita zilizofuatanishwa zahitaji kebo fupi tano za kuziunganisha na kebo mbili ndefu za kupeleka umeme kwenye kidhibiti cha mota. Kebo saba zina lagi 14. Kila lagi ina mahali pawili ambapo umeme huvuka kutoka kitu kimoja kwenda kingine: pale kebo ilipobanwa ndani ya lagi, na pale lagi ilipokazwa kwa bolti. Jumla ni mahali 28, mbali na fyuzi na swichi kuu, na mkondo wote wa ampea 200 hauna budi kupita kila mojawapo. Ikiwa 27 ni nzuri na moja ni mbovu, gari lote ni bovu.

Nyuso mbili zinapogusana

Kwa nini vipande viwili vya shaba, kila kimoja kikipitisha umeme vizuri, vishindwe kupitisha umeme vinapogusana? Jibu limo katika umbo halisi la uso wa chuma. Hata uso uliosuguliwa ukang'aa kama kioo, ukitazamwa kwa darubini kali una vilele na mabonde. Nyuso mbili za namna hiyo zikibebanishwa ni kama mawe mawili ya matumbawe yaliyowekwa moja juu ya jingine: hugusana kwenye ncha chache tu, na penginepo pote ni hewa. Mwanafizikia wa Uswidi, Ragnar Holm, aliyefariki mwaka 1970, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza madoa haya ya mgusano. Mkondo unapokaribia mpaka hulazimika kujikusanya, kama umati unaotoka uwanjani kwa kupitia malango machache, kisha hutawanyika tena upande wa pili. Kule kujikusanya kwenyewe ni ukinzani.

Ukubwa wake waweza kukadiriwa. Kwa doa moja la duara, ukinzani ni sawa na ukinzani wa asili wa metali hiyo ukigawanywa kwa kipenyo cha doa. Ukinzani wa asili wa shaba ni omu-mita 0.0000000172. Doa lenye kipenyo cha milimita 0.2, ambalo ni kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho, litakuwa na ukinzani wa omu 0.000086, na kwa ampea 200 litatoa joto la wati 3.4. Madoa kumi ya namna hiyo yaliyotengana vya kutosha hugawana mkondo, na jumla ya joto lao huwa kiasi cha theluthi moja ya wati. Siri yote ya kiungio chema ni hii: kuongeza idadi na upana wa madoa, na kuzuia hewa na unyevu visiyafikie.

Njia ya kuyaongeza ni kani. Kila nyuso zikisukumwa kwa nguvu zaidi, vilele hupondeka na madoa hupanuka. Katika hali ya kawaida ukinzani hupungua kwa kufuata kipeuo cha pili cha kani, hivi kwamba kani ikiongezwa mara nne ukinzani hushuka hadi nusu. Lakini kebo ya gari haiwezi kushikiliwa kwa kani hiyo maisha yake yote na mkono wa mtu. Kani hiyo lazima ifungiwe ndani ya chuma chenyewe. Hapo ndipo kazi ya kubana inapoingia.

Yanayotokea ndani ya lagi

Lagi ina sehemu mbili: mrija unaopokea kebo, na kiganja chenye tundu la bolti. Kebo ya milimita za mraba 50, iliyo laini kama inavyotakiwa katika gari, ina nyuzi karibu 400 za shaba, kila uzi ukiwa na kipenyo cha milimita 0.4 hivi. Nyuzi hizo zikiingizwa katika mrija bado kuna nafasi nyingi kati yake, kwa sababu vitu vya duara havijazi nafasi. Mrija huwekwa kati ya vipande viwili vya chuma kigumu vilivyochongwa umbo, ambavyo mafundi huviita dai, na mashine ya mafuta inayosukumwa kwa mkono huvikutanisha.

Kwanza nafasi za hewa huzibwa. Kisha nyuzi huanza kusukumana na kupoteza umbo lao la duara, kila uzi ukijibana pembeni mwa jirani zake, mpaka ukikata kibano hicho kwa msumeno na kukitazama unaona pande nyingi nyingi kama za sega la nyuki. Kupondeka huku si jambo la umbo tu. Uso wa uzi unapovutwa na kunyooka, utando wa oksidi uliokuwa juu yake, ambao ni mkavu na mwepesi kukatika, hupasuka vipande vipande. Shaba safi isiyowahi kuona hewa hujitokeza katika nyufa hizo na kugusana na shaba safi ya uzi mwingine. Hapo metali mbili hukamatana kana kwamba zimelehemiwa pasipo moto. Madoa ya Holm sasa si kumi, ni maelfu.

Mashine inapofunguliwa, kila kilichobanwa hutaka kurudi nyuma kidogo, kwa maana shaba nayo ina mnyumbuko wake. Sharti la kibano chema ni kwamba fungu la nyuzi litake kutanuka zaidi kuliko mrija unavyotaka kufunguka. Ikiwa hivyo, mrija hubaki umevutwa kama pete ya mpira iliyozungushwa kwenye fungu la kalamu, nao huendelea kukaza nyuzi kwa miaka. Ikiwa kinyume, pengo jembamba hubaki, na ingawa kiungio chaonekana kizuri kwa nje, ndani kimekwisha haribika siku kilipotengenezwa.

Swali la kiasi gani cha kubana lina jibu ambalo laweza kumshangaza mwanafunzi. Ukibana kidogo mno, hewa hubaki na kebo huchomoka. Ukiendelea kubana, nguvu ya kiungio dhidi ya kuvutwa hupanda, hufikia kilele, kisha huanza kushuka, kwa kuwa nyuzi zimekonda na mrija umekuwa mwembamba. Lakini uwezo wa kupitisha umeme haufikii kilele chake mahali pale pale. Wenyewe huendelea kuwa bora kwa kubanwa zaidi kidogo, wakati nguvu ya kuvutwa imekwisha anza kupungua. Watengenezaji wa lagi huchagua kiasi kilichoko kati ya vilele hivyo viwili, kisha huchonga dai za kukileta kiasi hicho kila mara, awe mbanaji ni fundi mkuu au mwanafunzi wa siku ya kwanza. Ndiyo maana lagi, kebo na dai ni vitu vitatu vinavyopasa kwenda pamoja. Katika kipimo cha Kijerumani kiitwacho DIN 46235, kwa mfano, lagi ya shaba ya milimita za mraba 50 hugongwa namba 14, nayo yahitaji dai yenye namba hiyo hiyo. Mafundi wengi huisoma namba hiyo kila siku bila kujua kwamba inawaambia jambo.

Dalili za kutopatana huonekana kwa macho. Dai ikiwa ndogo kuliko lagi, shaba hukimbilia pembeni na kutoa mapezi mawili membamba kwenye ubavu wa mrija. Baadhi ya mafundi huyakwangua kwa tupa na kuiita kazi imekwisha, kumbe wamefuta ushahidi tu. Dai ikiwa kubwa, alama ya pande sita hutokea kwa mbali, na kebo hutikisika ikizungushwa. Nyundo na patasi hazina nafasi hapa. Patasi hutoboa mrija upande mmoja na kuzifanya nyuzi zikimbilie kando. Koleo huubapaza kama jani, na zile nyuzi za pembezoni hazibanwi kabisa. Kivuto cha mkono si jaribio la kutosha pia. Kipimo cha kimataifa cha viungio vya kebo za umeme hutaka kiungio cha shaba kihimili kani ya nyutoni 60 kwa kila milimita ya mraba. Kwa kebo ya 50 hiyo ni nyutoni 3,000, sawa na uzito wa kilo 306 ukining'inia. Hakuna mkono wa mtu unaofika hapo.

Wako wanaoona kwamba kulehemu kwa risasi na bati ni salama zaidi, na hoja yao si ya kupuuzwa, kwani risasi iliyoyeyuka hujaza kila pengo. Lakini risasi ya kulehemia ina ukinzani wa asili mara 8 au 9 ya ule wa shaba. Ile ya kawaida yenye bati na risasi huanza kulainika na kuyeyuka katika joto la nyuzi 183 hivi, joto ambalo kiungio kilichoelemewa chaweza kulifikia. Na mbaya zaidi, hupanda kati ya nyuzi kama mafuta yanavyopanda utambi. Pale ilipoishia, kebo laini hukutana ghafla na sehemu ngumu kama fimbo. Mtikisiko wa barabara yetu ya vumbi hukunja kebo mahali hapo hapo maelfu ya mara, na uzi mmoja mmoja hukatika ndani ya ganda bila kuonekana. Kulowesha nyuzi kwa risasi kabla ya kuzibana ni kosa kubwa zaidi. Risasi ikiwa chini ya kani hutiririka polepole hata ikiwa baridi, na kile kilichobanwa kwa nguvu leo baada ya miezi kitakuwa kimelegea.

Kuchagua

Kebo huchaguliwa kwanza. Mita moja ya kebo ya shaba ya milimita za mraba 50 ina ukinzani wa omu 0.000344, kwa ampea 200 hupoteza volti 0.07 na kutoa wati 14 hivi za joto katika urefu wote huo, jambo linalovumilika hasa kwa kuwa mlima hauna budi kwisha. Kebo ya 16 ingetoa wati 43 kwa mita, na hilo halivumiliki. Wingi wa nyuzi nao ni muhimu. Kebo ya 50 ya kuzikwa ukutani yaweza kuwa na nyuzi 19 tu, nene na ngumu, na haifai garini hata kama shaba yake ni ileile, kwa sababu uzi mnene hukazika zaidi unapokunjwa na hukatika mapema.

Hapo hutokea tatizo ambalo wauzaji huwa hawalisemi. Kebo laini ina hewa nyingi kati ya nyuzi zake, kwa hiyo ni nene kidogo kuliko kebo ngumu yenye shaba ile ile, na pengine haiingii katika lagi iliyotengenezwa kwa ajili ya kebo ngumu. Fundi mwenye haraka hukata nyuzi chache za nje ili iingie. Nyuzi 80 zikikatwa kati ya 400, asilimia 20 ya njia ya umeme imetupwa sakafuni. Dawa ni kutafuta lagi ambayo mdomo wake umepanuliwa kwa ajili ya kebo laini. Wala isinunuliwe lagi ya namba inayofuata juu na kujazwa vipande vya waya.

Uangalifu unahitajika pia mahali ambapo bidhaa za Marekani huuzwa pamoja na zile za milimita. Wamarekani hupima nyaya kwa namba zinazopungua kadiri waya unavyonenepa, na wakifika sifuri huandika 1/0, 2/0 na kuendelea. Waya namba 2 una milimita za mraba 33.6, na waya wa 2/0 una 67.4, karibu maradufu. Alama moja ya mkwaju ikifutika kwenye lebo, mtu hununua nusu ya shaba aliyohitaji. Lagi za milimita kwa kawaida huandikwa namba mbili, kama 50-8: ya kwanza ni ukubwa wa kebo, ya pili ni kipenyo cha bolti. Tundu kubwa kuliko bolti hula eneo la mgusano bila sababu.

Upande wa bolti

Kiganja cha lagi lazima kilale moja kwa moja juu ya ncha ya betri, shaba kwa metali, pasiwe na chochote kati yao. Washa huja juu ya lagi, kisha washa ya springi, kisha nati. Kosa la kuweka washa chini ya lagi ni la kawaida mno, na fizikia yake ni rahisi: chuma kisichoshika kutu kina ukinzani wa asili mara 40 hivi ya ule wa shaba, na badala ya mpaka mmoja sasa iko miwili. Bolti yenyewe si njia ya umeme. Kazi yake ni kutoa kani tu.

Ncha za risasi ni laini, na hujipondaponda chini ya nati. Baada ya wiki chache za kazi hupaswa kukazwa tena. Seli nyingi za kisasa za lithiamu zina ncha za aluminiamu, ambayo mara tu inapokwanguliwa hujifunika utando mgumu usiopitisha umeme. Hizo husuguliwa kwa brashi na kufungwa papo hapo, zikiwa zimepakwa grisi maalumu, na hukazwa kwa spana yenye kipimo kwa kiasi alichoandika mtengenezaji. Nyuzi za ncha hizo hung'oka kwa urahisi, na hapo seli nzima hupotea. Shaba tupu ikilazwa juu ya aluminiamu mahali penye unyevu, hizo mbili huwa betri ndogo inayojila. Kwa Tanga, Mombasa au Dar es Salaam, ambako upepo wa bahari huleta chumvi kila jioni, lagi zilizopakwa bati na mpira wa kusinyaa kwa joto wenye gundi ndani yake si anasa.

Plagi za betri, zile za plastiki ambazo foklifti zimezitumia kwa miaka mingi, hubanwa kwa kanuni zile zile. Zaidi yake ni kwamba rangi zake zina maana: katika aina iliyoenea zaidi, plagi ya rangi moja haiingiani na ya rangi nyingine, ili betri ya volti nyingi isichomekwe kimakosa. Plagi isichomolewe gari likivuta mkondo. Umeme wa nyumbani wa mizunguko 50 hupita sifuri mara 100 kwa sekunde na kuizima cheche yenyewe. Umeme wa betri haupiti sifuri kamwe, na cheche yake hubaki ikiwaka na kula metali. Pale ambapo betri hubadilishwa vituoni kila siku, kama kwa pikipiki za Kigali, uso wa plagi huchakaa kwa kuingizwa na kutolewa, nao huhesabiwa kuwa kitu cha kubadilishwa kama tairi.

Jaribio la maabara

Shule yoyote yenye betri moja ya volti 12 yaweza kuyaona haya yote kwa macho. Betri ya gari la umeme isitumiwe: volti zikizidi 60 za mkondo mnyoofu, kanuni za kimataifa za magari huzihesabu kuwa za hatari. Zinahitajika taa mbili za gari za wati 55, fyuzi ya ampea 15, mita yenye kipimo cha milivolti 200, na vipande vya kebo laini ya milimita za mraba 6 vyenye lagi zilizobanwa kwa namna mbalimbali: moja kwa mashine yake, moja kwa koleo, moja kwa nyundo. Pete na saa za mkononi huvuliwa kwanza.

Taa zikiwashwa kwa pamoja, mkondo huwa ampea 9 hivi. Mita hugusishwa kwanza kwenye kebo tupu, ncha zake zikiwa zimetengana sentimita 10; itasoma milivolti 2.6 hivi. Kisha ncha moja huwekwa kwenye kiganja cha lagi na nyingine kwenye shaba ya kebo nyuma ya mrija. Kiungio chema hakitapoteza volteji zaidi ya ile inayopotea katika kebo ya urefu ule ule. Kile cha koleo kitapoteza zaidi, pengine mara kadhaa, na kikitikiswa mkononi namba za mita zitarukaruka. Baada ya hapo kila lagi hukatwa kati kwa msumeno wa chuma, husuguliwa kwa msasa laini mpaka ing'ae, na hutazamwa kwa kioo cha kukuzia. Lagi ya mashine itaonyesha sega la nyuki lisilo na nafasi. Katika lagi ya koleo wanafunzi wataziona nyuzi zikiwa bado za duara, na kati yake vitundu vyeusi vya hewa ambavyo wataweza kuvihesabu.